Kigae cha Chwaka: Safari ya Kutoka Kiuyu Hata Makumbusho ya Chake Chake

Wazee wetu walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii nimeifundisha darasani mara nyingi, na watoto wameiandika katika madaftari yao kwa mwandiko mzuri. Lakini mimi mwenyewe sikuijua maana yake hata nilipokwenda Pemba, nikafundishwa na kipande cha chungu kisichopita upana wa vidole viwili. Ndugu wasomaji, nataka kuwapa habari za safari hiyo, ili kosa langu liwe faida kwenu.

Nilikuwa mgeni wa mwalimu mwenzangu huko Kiuyu, upande wa kaskazini na mashariki wa kisiwa cha Pemba. Mtu asikiaye habari za Pemba hufikiri mikarafuu na vilima vya kijani, na bonde la mpunga katikati ya kila vilima viwili. Kiuyu si hivyo. Nchi yake ni tambarare, na udongo ni haba juu ya mwamba wa matumbawe. Jembe likishuka hugonga jiwe. Watu wake huvua samaki, hupanda muhogo na mtama penye udongo, na wanawake hulima mwani katika maji ya kupwa, kazi iliyoanza katika visiwa hivi mwaka 1989. Wengine huvunja mawe kuwa kokoto za kujengea. Ni watu wapole, wenye kukirimu. Nao ni Waislamu karibu wote, wala hawakuniuliza dini yangu kabla ya kuniwekea chakula.

Jioni moja mtoto wa mwenyeji wangu, kijana wa miaka kumi hivi, alinijia mikono yake imefumbwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

Akafumbua mikono. Vilikuwa vigae viwili alivyookota katika shamba la mjomba wake karibu na Tumbe, penye magofu ya Chwaka. Kimoja kilikuwa cha kijani, chenye kung'aa kama jani la mgomba lililonyeshewa mvua. Cha pili kilikuwa cha udongo mweusi, kikavu, kimechorwa mistari kama ya kucha, mistari yenyewe ikikutana na kufanya pembetatu ndogo ndogo. Nikakitwaa kile cha kijani nikakitia mfukoni. Kile cheusi nikakitupa njiani nikasema, "Hiki ni gae la chungu tu, hakina habari." Mtoto akanitazama, akakubali, kwa maana mwalimu amesema.

Siku mbili baadaye nilipanda gari la abiria mpaka Konde, na kutoka Konde mpaka Chake Chake, mji mkuu wa Pemba. Nia yangu ilikuwa kuona makumbusho yaliyo ndani ya ngome kongwe. Ngome hiyo ni ya karne ya 18, zamani za Waarabu wa Oman, na wengi husema kwamba imesimama mahali palipokuwa na boma la Wareno tangu karne ya 16. Sehemu yake kubwa haipo tena, kwa kuwa ilibomolewa kuipisha hospitali. Iliyobaki ni ndogo. Mtu anaweza kupita mlangoni asijue kwamba amepita historia ya kisiwa kizima.

Nilikuta kimya. Nje sokoni watu walikuwa wakinadi samaki na gari zikipiga honi, lakini nilipovuka kizingiti, kuta nene zikazima kelele zote. Hapakuwa na mgeni mwingine ila mimi. Mlinzi wa makumbusho, mtu wa makamo mwenye kofia ya kazi ya mkono, alinikaribisha, akaniacha nitazame kwa nafasi yangu. Nami nikatazama polepole, kwani mahali padogo hapataki haraka. Katika jumba kubwa macho hukimbia toka kitu hiki hata kile, na jioni mtu hakumbuki hata kimoja. Katika jumba dogo kitu kimoja huweza kukushika mkono kisikuachilie.

Vitu vilivyowekwa pale vinaeleza maisha ya Pemba kwa zamu. Habari za miji ya kale iliyobaki magofu zipo, na habari za bahari na vyombo vyake, za biashara, za watawala na karafuu. Nitawaeleza kwa ufupi yale yanayojulikana juu ya mambo hayo, kwa maana wengi wetu tulisoma shuleni habari za Roma na Ugiriki kabla ya kusoma habari za mahali tunapoweza kufika kwa mashua.

Mwandishi mmoja Mwarabu, al-Masudi, alisafiri katika bahari yetu, na safari yake ya mwisho kutoka kisiwa alichokiita Qanbalu ilikuwa mwaka 916. Aliandika kwamba katika kisiwa hicho wako Waislamu ambao lugha yao ni ya watu weusi wa pwani. Wataalamu wengi huona kwamba Qanbalu ni Pemba, na wengine hutaja hasa Ras Mkumbuu, upande wa magharibi, yalipo magofu ya msikiti mkubwa na makaburi yenye nguzo. Mwandishi mwingine, Yaqut, aliyefariki mwaka 1229, alikitaja Kisiwa cha Kijani chenye miji miwili, na majina ya miji hiyo yanafanana sana na Mtambwe na Mkumbuu. Hapo Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, wachimbaji walioongozwa na Mark Horton walifukua akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na chache za dhahabu. Nyingi za fedha zilikuwa ndogo kama ukucha, zimeandikwa majina ya watawala wa papa hapa pwani, kama Ali bin al-Hasan, nazo ni za karne ya 11 au karibu yake. Yaani watu wa visiwa hivi walifua fedha yao wenyewe yapata miaka 400 kabla meli ya kwanza ya Wareno haijaonekana.

Kisha ziko habari za Pujini, na za Mkama Ndume, mtawala ambaye wazee hulitaja jina lake mpaka leo kwa sauti ya chini. Wenyeji husimulia kwamba aliwakamua wanaume kwa kazi ngumu, akiwachukuza mawe hali wanajikokota kwa makalio, wasiruhusiwe kusimama. Husimulia tena kwamba alikuwa na wake wawili wenye wivu, akajenga kisima chenye ukuta katikati wasipate kuonana wakichota maji. Hayo ni masimulizi. Mawe nayo yana ushahidi wao. Waliochimba Pujini waliona kwamba boma lile ni la karne ya 15, tena chini ya ardhi palikuwa na chumba ambacho ukutani mwake imefanyizwa kwa chokaa sura ya siwa, baragumu ya enzi ambayo watawala wa Waswahili walipigiwa. Masimulizi yamekumbuka ukali wa mtawala, na chokaa imeihifadhi fahari yake. Mwenye kutaka kweli asikilize pande mbili.

Na Chwaka, mahali kilipotoka kigae changu, wenyeji hupaita mji wa Haruni, mwana wa Mkama Ndume, na kaburi lake huonyeshwa hapo. Lakini mji wenyewe ni mkongwe kuliko baba na mwana. Katika miaka ya 2000 wataalamu Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba hapo na Tumbe jirani yake. Waliona kwamba Tumbe kulikuwa na kijiji kikubwa tangu karne ya 7 hata ya 10, nyumba zake za miti na udongo, na watu wake wakisaga shanga za makombe ya pwani kwa vigae vyenye mifuo, ambavyo vilipatikana kwa wingi mno. Kijiji hicho kilipokwisha, mji wa Chwaka ukainuka katika karne ya 11, ukakaa hata karibu mwaka 1500, ukiwa na misikiti minne ya mawe. Hata chakula kimejulikana kwa punje zilizoungua jikoni. Watu wa Tumbe walikula mawele zaidi, na watu wa Chwaka wakageukia mpunga. Msomaji, fikiri. Mama mmoja aliunguza chakula zaidi ya miaka elfu iliyopita, labda akaona haya mbele ya wageni wake, na leo sisi tunajua alichopika.

Nilipokuwa nikiyatafakari hayo, nikakikumbuka kigae mfukoni. Nikakitoa, nikamwonyesha mlinzi kwa furaha, nikitumaini kusifiwa.

Akakipokea kwa mikono miwili. Akakielekeza mwangani, akasema, "Mwalimu, vyombo vya kijani namna hii vilitoka Uchina. Hiki umekipata wapi?"

"Chwaka."

"Mahali gani hasa pa Chwaka?"

"Katika shamba."

"Upande gani wa shamba? Karibu na msikiti, au makaburini, au penye nyumba? Kilikuwa juu ya ardhi, au ndani, na kwa kina gani?"

"Sijui. Nilipewa na mtoto."

"Na kilikuwa pamoja na nini?"

Hapo nikanyamaza. Mimi niliyezoea kuuliza maswali mbele ya ubao, na kuwasimamisha watoto wasiojua, nilisimama mbele ya mtu yule sina jibu. Mwisho nikasema kweli yote. Kulikuwa na kigae cha pili, cheusi, chenye mistari ya pembetatu, nami nilikitupa.

Mlinzi hakunikaripia. Alinirudishia kile cha kijani, akaniambia maneno ambayo nimeyaandika usiku ule nisije nikayasahau. Alisema kwamba kigae cha kigeni hueleza nani alikuja kuuza, lakini kigae cheusi hueleza nani alikuwa mwenye nyumba. Alisema kwamba wachimbaji wakifukua mji wa kale wa Waswahili, kati ya vigae mia vile vya ng'ambo ni vichache tu, na vingine vyote ni vya vyungu vilivyofinyangwa na mama zetu. Tena vyungu vya zamani zile, vyenye michoro ya pembetatu, vimeonekana tangu Lamu hata pwani ya Msumbiji, na bara pia, mbali na bahari. Kwa hivyo ndivyo hasa vilivyowajulisha wataalamu kwamba miji hii haikujengwa na wageni walioshuka majahazini na kukuta pwani tupu. Ilijengwa na watu wa nchi hii, walioukaribisha ugeni na dini na biashara, wakavifanya kuwa vyao.

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma. Kwa maana mimi nimesimama darasani nikawafundisha watoto kwamba historia ya pwani yetu ilianza walipofika Waarabu na Waajemi, kisha Wareno, kisha wengine, kana kwamba babu zetu walikuwa wamekaa ufukoni wakingoja kuanzishiwa. Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo. Na mkono wangu ulifanya Kiuyu vile vile ulimi wangu ulivyofanya darasani. Uliweka mfukoni cha mgeni kinachong'aa, ukatupa njiani cha mama yangu. Wala sikukitupa peke yangu. Nilikitupa mbele ya mtoto, naye akajifunza.

Nikakaa kidogo kivulini pa ukuta wa ngome. Nikafikiri tena jambo jingine. Katika miaka ya 1820 Wapemba walitaka msaada wa Sayyid Said kuwaondoa Mazrui wa Mombasa, na utawala wa Oman ukathibitika kisiwani. Karafuu zikapandwa. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo ikawa shina la karafuu. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa hata ilipotangazwa amri ya mwaka 1897 ya kuufuta utumwa Unguja na Pemba. Mwaka huo huo Wakristo wa jamii ya Quaker kutoka Uingereza walianza kazi yao Pemba kwa ajili ya watu walioachwa huru. Sasa, sultani huacha sarafu yenye jina lake, na tajiri huacha bakuli la Uchina. Mtumwa aliacha nini? Aliacha matuta, na labda gae la chungu cheusi alichopikia. Tukilitupa gae hilo kwa kuwa haling'ai, tumemfuta mtu mara ya pili.

Kesho yake nilirudi Kiuyu. Nikamwita yule mtoto mbele ya baba yake, nikamwambia, "Mwanangu, juzi nilikosa. Kile kigae cheusi kilikuwa na habari kubwa kuliko hiki cha kijani." Baba yake alicheka kidogo, kwa kuwa si kawaida mwalimu kuungama kwa mwanafunzi. Lakini mtoto hakucheka. Alinishika mkono, tukaenda njiani nilipokitupa. Tulitafuta mpaka alasiri. Lakini Kiuyu ni nchi ya kokoto, na njia ile hupitwa na ng'ombe na magari ya mawe. Hatukukiona.

Siku ya pili tulikwenda pamoja Tumbe, kwa mjomba wake. Mtoto akatuonyesha mahali penyewe, chini ya mwembe, ambapo jembe lilikuwa limepindua udongo. Nikaandika katika karatasi mahali hapo, na hatua za kutoka gofu lililo karibu, na siku, na kwamba palikuwa na kigae cha pili, jinsi kilivyokuwa. Karatasi hiyo pamoja na kile cha kijani nilivipeleka kwa mlinzi nilipopita Chake Chake kwenda zangu. Alivipokea, akasoma, akasema, "Sasa kimepata ulimi, Mwalimu, ijapokuwa nusu." Neno hilo la nusu nimelichukua mpaka nyumbani.

Wana wa Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliwaamuru kutwaa mawe kumi na mawili katika mto na kuyasimamisha, ili watoto wa baadaye watakapouliza habari zake, baba zao wawe na la kuwajibu. Angalieni, yale yalikuwa mawe ya mtoni tu, hayakuwa dhahabu wala lulu. Thamani yake ilikuwa katika mahali yalipotoka na katika mzazi ajuaye kueleza. Jiwe bila mzazi wa kueleza ni kokoto. Naye mzazi asiye na jiwe la kuonyesha, watoto humsikiliza nusu.

Basi nakusihini mambo matatu. La kwanza, ukilima ukakuta kigae, au shanga, au sarafu, au ukuta chini ya ardhi, usikichukue wala usikiuze kwa mpita njia. Kiache mahali pake, kisha uwaarifu wenye kazi ya mambo ya kale, kwa maana kikiisha kuondolewa mahali pake kimekuwa bubu. Wala mawe ya magofu yasichukuliwe kujengea, hata ukuta wako ukiwa na haja ya mawe kiasi gani. La pili, wazee wangali hai. Waulizeni majina ya visima, ya mibuyu, ya makaburi, na sababu ya majina hayo, mkayaandike katika daftari. Mzee akifa bila kuulizwa, hakuna wa kumfukua maneno. La tatu, ni kwa walimu wenzangu. Mkisafiri mkafika katika mji wenye makumbusho, hata yakiwa madogo, yasiyo na watu, ingieni. Mkae humo saa moja kwa kimya. Na mkipata nafasi, wapelekeni watoto, mkawaonyeshe kwanza kile chombo kisichong'aa.

Mimi kazi yangu imebadilika kidogo tangu siku ile. Somo la kwanza la historia ninalofundisha sasa halianzi na jahazi la mgeni. Huwaambia watoto walete kila mmoja gae la chungu cha kwao, kisha tunatazama mistari yake, tunauliza ni nani aliyeichora, na kwa kidole gani. Mezani pangu nimeacha nafasi tupu, upana wa vidole viwili. Watoto huuliza ni nafasi ya nini, nami huwasimulia habari za Kiuyu.